Datsun 240Z imeoza kwa kutu? Soma dalili kwanza, grinda baadaye

Hii ni kwa wewe uliyenunua au kurithi 240Z iliyokaa chini ya mwembe miaka na miaka, ukiigusa bati linamomonyoka, na umeamua kuifufua mwenyewe nyumbani. Gari yenyewe haihitaji kutambulishwa huku kwetu, ndo ile iliyoshinda Safari Rally 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, alafu 1973 ikashinda tena na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Inavumilia mawe na tope vizuri sana. Kinachoiua ni maji yaliyotulia.

Elewa kwanza ilivyotengenezwa. 240Z haina chesisi ya peke yake kama Land Rover, bodi ndo chesisi, yaani sakafu, vizingiti vya milango, reli za chini na ukuta wa injini vyote vimeshikana na ndo vinabeba injini na tairi, na sehemu nyingi bati lake ni kama milimita 0.8 tu, alafu kinga ya kutu ya magari ya miaka ile usiilinganishe na ya sasa. Kwaiyo kutu kwenye hii gari sio swala la urembo. Na jambo moja ushike mpaka mwisho wa kazi: tundu unaloliona karibu kila mara sio mahali tatizo lilipoanzia. Kutu inatokeza pale maji yanapolala, sio pale yanapoingilia, na ukiziba tundu bila kutafuta mlango wa maji utachomelea pale pale tena baada ya masika mawili.

Vifaa vya kupimia ni vya bei rahisi. Sumaku ndogo uliyoizungushia kitambaa laini isikwaruze, na bisibisi ya zamani. Sumaku ikiacha kushika sehemu ambayo inatakiwa iwe bati, hapo chini kuna puti, ile filla ya kuziba mabonde kabla ya rangi. Bisibisi unagonga nayo mpini kwanza, bati zima linalia, bati lililooza linatoa sauti ya kifuu, alafu ukiwa na wasiwasi unasukuma ncha. Ikipita, imepita, usisikitike, lilikuwa tundu tayari ulikuwa hujaliona tu.

Dalili: zulia linalowa mvua ikinyesha, sakafu imetoboka pale miguu inapokaa

Watu wanakimbilia kulaumu raba za milango. Wakati mwingine kweli ni raba, au raba ya kioo cha mbele imekauka, lakini kwenye 240Z anza na ile mifereji chini ya kioo cha mbele, pale kwenye matundu ya hewa mwisho wa boneti. Maji ya mvua yanaingia pale kwa makusudi, alafu yanatakiwa yashuke kwa njia mbili za pembeni yatokee nyuma ya tairi za mbele. Gari iliyokaa chini ya mti hizo njia zimejaa majani yaliyogeuka mboji, maji yanakosa pa kwenda, yanajaa mle ndani na kula bati la ukuta mpaka yapate njia ya kuingia kwa dereva.

Kupima ni dakika chache. Mwaga maji ya jagi taratibu upande mmoja wa matundu, mtu mwingine achuchumae nyuma ya tairi ya mbele. Maji yakitoka haraka na ni safi, njia ipo. Yakitoka kidogo kidogo meusi, imeziba. Yasipotoka kabisa ila unasikia yanadondoka ndani ya gari, basi bati la ndani limeoza na hiyo ni kazi ya kufungua madigadi. Na madigadi yenyewe ukiyafungua (yamefungwa kwa bolti, sio kuchomelewa, ashukuriwe aliyechora) utakuta kule chini kuna udongo umeshikana mgumu kabisa, unyevu haujawahi kutoka humo, ndo maana ncha ya chini ya madigadi na mwanzo wa kizingiti huwa vinaoza pamoja.

Sasa kama sakafu imeoza upande mmoja tu, chini ya betri, mhalifu ni asidi. Toa betri uangalie trei yake. Utaona unga mweupe kingoni, rangi imechanika vipande vidogo vidogo, na ukipitisha kidole chini yake bati limekuwa na makali kama limetafunwa. Asidi ikidondoka haiishii pale, inafuata ukuta wa injini ikashuka mpaka juu ya reli. Kabla ya kukata chochote nyunyiza magadi yaliyokorogwa kwa maji, yatatoa povu, rudia mpaka povu liishe, alafu suuza. Ukichomelea juu ya asidi bati jipya linaanza kuliwa siku hiyo hiyo.

Ile lami nyeusi ya kuzuia kelele iliyobandikwa sakafuni, itoe yote. Maji yanajificha chini yake na juu hauoni kitu. Hita ya hewa na kikwangulio vinatosha, ila usitumie moto wa gesi kama mipira ya mafuta bado ipo chini ya gari.

Dalili: jeki inazama, au ukiinua gari mlango unagoma kufunga

Hapa simama. Hii ndo dalili mbaya kuliko zote kwenye hii orodha, na ndo inayopuuzwa zaidi maana gari bado inatembea.

Jeki ikizama na kutoa sauti ya kuvunjika-vunjika, reli ya chini imebaki ganda. Mlango ukigoma gari ikiwa juu lakini ikishuka unafunga, maana yake bodi inapinda katikati, vizingiti havibebi tena. Usilale chini ya gari ya hivyo hata kama ina stendi, maana stendi nayo imesimama kwenye bati hilo hilo. Iweke juu ya stendi sehemu ambazo bado nzima, kwa kawaida ni kule mbele kwenye mhimili unaoshika mikono ya tairi na nyuma chini ya difu.

Kinachofuata ndo kinachotenganisha gari iliyofufuliwa na gari iliyoharibiwa zaidi. Kabla hujakata kizingiti, milango ikiwa inafunga vizuri na nafasi zake ziko sawa, chomelea bomba za pembe nne ndani ya uwazi wa mlango, moja toka nguzo ya mbele mpaka ya nyuma, nyingine mshazari, alafu moja ya kukatiza toka upande wa dereva mpaka wa abiria. Pima mishazari kwa futi kamba, andika namba kwa maka peni kwenye kioo. Kata upande mmoja tu, umalize, upime tena, ndo uende wa pili. Ukikata vizingiti vyote viwili siku moja gari inalegea katikati bila wewe kuona, unachomelea bati jipya kwenye gari iliyopinda, na utakuja kujua siku ya kurudisha milango, mlango unagusa chini na juu kuna uwazi wa kupitisha kidole. Hapo hakuna dawa ila kukata upya.

Reli zikishaoza kule mbele zinapobeba injini, na zile nguzo za shokapu nazo zina matundu pande zote mbili, mi ningetafuta bodi nyingine hii iwe ya spea. Fundi wa nyumbani anaweza vingi lakini kurudisha vipimo vya tairi za mbele bila jigi (fremu ya kushikilia bodi kwenye vipimo vyake) ni kujitafutia ajali.

Dalili: rangi inavimba malengelenge kwenye kona ya nyuma ya mlango na kwenye upinde wa tairi ya nyuma

Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndo maana inasukuma rangi, na inapokuwa katikati ya bati mbili zilizobanwa pamoja inazisukuma mpaka zinaachana. Upinde wa nyuma wa 240Z ni bati la nje na la ndani zimekutana pale kwenye ukingo, tope la tairi linaingia katikati, basi. Ukiona lengelenge dogo kama punje ya dengu hapo, jua kutu imetokea ndani kuja nje, sio nje kwenda ndani, na eneo lililooza ni kubwa mara kadhaa kuliko unachoona.

Kwangua rangi yote eneo hilo mpaka chuma. Usishangae kukuta puti ya tabaka tatu, na chini ya puti kipande cha kopo la mafuta kimebandikwa kwa ribeti, mafundi wa zamani walikuwa wanafunga kazi kwa chochote kilichopo. Kata mpaka ufike kwenye bati linalong'aa na lisilopungua unene. Watu wanaogopa kukata sana, wanaacha ukingo mwembamba ili kipande kiwe kidogo, alafu wanashangaa kwanini moto unatoboa kila wakigusa. Tundu kubwa kwenye bati zima ni rahisi kuliko tundu dogo kwenye bati bovu.

Dalili: ukichomelea bati linatoboka au linapinda mawimbi

Kutoboka: moto mkali, waya mnene, au bati limeisha. Kwa bati hili mashine ya migi (MIG, ile inayolisha waya yenyewe) yenye waya wa milimita 0.6 ndo inakufaa. Ile ya vijiti ya kuchomelea mageti iache huko huko kwenye mageti. Kipande chako kikate kwa kufuata tundu vizuri, uwazi uwe mdogo sana, ukiacha uwazi mpana utakuwa unajaza hewa.

Kupinda mawimbi: umechora mstari mmoja mrefu bila kupumzika. Joto linatanua bati, likipoa linajikunja kuliko mwanzo. Piga nukta moja, hamia upande wa pili wa kipande piga nyingine, hamia juu, hamia chini, uwe unagusa kwa mkono, ukishindwa kushika bati ujue hata lenyewe limechoka, nenda kanywe chai. Kipande kimoja cha ukubwa wa kiganja kinaweza kula mchana mzima na hiyo ni kasi ya kawaida. Kumwagia maji kupoza haraka wengine wanafanya, mi sipendi, weldi inakuwa ngumu na maji yanaingia kwenye maungio uliyotoka kuyakausha.

Gesi kwa mkono wa mzee aliyezoea inatoa kazi safi kabisa, wapo mafundi bodi wanaochomelea 0.8 kwa gesi bila wimbi. Kama we sio huyo mzee, usianzie hapo.

Usalama kwa kifupi, maana hapa watu wanaumia kweli: toa tanki, toa betri, weka ndoo ya maji na mtungi wa kuzimia moto karibu, na usisafishe bati kwa ile dawa ya kopo ya kusafishia breki yenye klorini alafu ukawasha weldi, moshi wake una sumu inayoweza kuua. Bati la mabati yenye zinki nalo ukilichoma linatoa moshi mweupe wa kuleta homa, saga zinki kwanza, na fanyia nje.

Dalili: ulipaka vizuri, baada ya miezi kutu imerudi

Sababu zipo nyingi lakini izi ndo ninazokutana nazo sana. Ulisafisha chuma asubuhi ukapaka kesho yake, kwa hewa ya Tanga au Mombasa usiku mmoja unatosha chuma kilicho wazi kuota wekundu, hasa kikishikwa na mikono yenye jasho. Au ulipaka ile dawa ya kugeuza kutu juu ya magamba, dawa ya tanini inageuza kutu kuwa nyeusi kweli, ila inashika tabaka la juu tu, gamba likibanduka linabanduka na dawa yake. Wayabrashi kwanza mpaka magamba yaishe, dawa ni kwa vile vishimo vilivyobaki. Au uliweka puti moja kwa moja kwenye chuma kitupu kwenye sehemu inayopata maji, na puti inafyonza maji. Praima ya epoksi kwanza, puti juu yake, alafu praima tena.

Na sababu kubwa kuliko zote: upande wa nyuma. Umechomelea kizingiti, umesaga, umepaka nje kinang'aa kama kioo, kule ndani joto la weldi limeunguza kila kinga iliyokuwepo na sasa kuna chuma kitupu kwenye giza lenye unyevu. Ukimaliza rangi yote ingiza nta ya matundu (nta ya kuzuia kutu sehemu za ndani zisizofikika) kwa mpira mrefu wenye pua, ndani ya vizingiti, reli na milango, mpaka ianze kudondoka kwenye vitundu vya chini. Vitundu hivyo usivizibe! Viliwekwa maji yatoke.

Kwa vipande vidogo (bawaba, vishikio, vyuma vya siti) kutu unaitoa kwa umeme: beseni la plastiki, maji yenye soda ash, chaja ya betri ya volti 12, hasi kwenye kipande chako, chanya kwenye chuma chakavu cha kawaida. Usitumie chuma kisichoshika kutu kwenye chanya, maji yanageuka sumu. Fanyia uwanjani maana inatoa haidrojeni, na springi usiziweke humo, zinaweza kuwa dhaifu zikavunjika.

Dalili: pini ya mkono wa nyuma haitoki

Kila mwenye Datsun Z ataifahamu hii. Mkono wa tairi ya nyuma umeshikwa kwa pini moja ndefu inayopita chini ya nguzo ya shokapu, kushoto na kulia kuna bushi, na baada ya miaka hamsini pini imekuwa kitu kimoja na chuma kinachoizunguka. Mtu anafungua nati za mwisho anaanza nyundo. Inalia tu. Anaongeza nyundo, mwisho wa pini unatanuka kama uyoga na sasa haitatoka hata ikitaka.

Kabla ya nyundo yoyote angalia katikati, kuna kipini kidogo cha kufungia kimepita kukatiza kile kikubwa, kina nati yake. Huyo ndo bosi. Asipotoka, hata ukileta preshi ya tani ishirini unabomoa tu. Legeza nati yake, iache imeshika nyuzi chache kulinda ncha, gonga kidogo kidogo atoke. Alafu mafuta ya kupenyeza kwa siku kadhaa, kipashe joto kile chuma cha nje na sio pini, na uivute kwa kivutio cha bomba na bolti badala ya kuigonga. Ikikataa kabisa, kata pini pande zote mbili kati ya bushi na nguzo kwa msumeno, mkono utoke, kipande kilichobaki upeleke kwa fundi mwenye preshi. Pini mpya zinapatikana, nguzo nzima ni shida.

Dalili: injini haizunguki

Weka gia huru kwanza, maana mara nyingine kilichoganda ni klachi au stata. Kama ni injini kweli, toa plagi zote sita, chungulia kwa kamera ndogo ya simu, mimina kila silinda mchanganyiko nusu kwa nusu wa oili ya gia ya otomatiki na asetoni, uache. Rudia kila siku. Baadae spana ndefu kwenye bolti ya mbele ya krenki, kulia kidogo, kushoto kidogo, kwa upole. Usitumie stata wala kuvuta gari kwa kamba ikiwa kwenye gia. L24, ndo injini ya 240Z, ni injini ngumu, nyingi zinaachia.

Dalili: inawaka, inaenda kidogo, inazima, ukisubiri inawaka tena

Watu wanafungua kabureta zile mbili wanazichezea mpaka zinapoteza mpangilio. Angalia filta kwanza. Ikiwa na unga wa kahawia, ni tanki, magamba yanajikusanya kwenye bomba la kufyonza, injini ikizima yanaanguka chini, ndo maana inakubali tena. Shusha tanki, weka nati na mnyororo mfupi ndani pamoja na maji ya asidi ya ndimu, tikisa, acha, suuza kwa magadi, kausha haraka. Tanki lililowahi kubeba petroli halichomelewi nyumbani, hata lionekane kavu vipi.

Dalili: harufu ya moshi ndani ukiwa mwendoni

Moshi wa ekzosi unavutwa kurudi ndani kupitia raba ya mlango wa nyuma, raba za taa za nyuma, au matundu ya kutu kwenye kisima cha tairi ya spea. Mtu aingie nyuma usiku na tochi, we ukae nje uone mwanga unapotokea. Usiizoee ile harufu kwa sababu gari ni ya zamani, inayokuja nayo ni kaboni monoksaidi na yenyewe haina harufu.

Dalili: taa hafifu, boksi ya fyuzi inapata moto

Kwenye 240Z umeme wa taa kubwa unapita wote kwenye swichi ya usukani bila rilei (swichi ndogo ya umeme inayobeba mzigo badala ya swichi ya mkono), kutu ikiingia kwenye vishikio vya fyuzi panakuwa na ukinzani, panapata joto, plastiki inayeyuka. Kuweka fyuzi kubwa zaidi ni kuhamishia moto kwenye waya. Safisha vishikio kwa msasa laini, kwangua rangi pale waya wa ardhi unapokaa kwenye bodi (umepaka rangi mpya, umeusahau), alafu funga rilei mbili za taa zenye waya wake toka kwenye betri na fyuzi yake. Kama plastiki ya boksi imeshalegea badilisha boksi nzima, usiibandike kwa gundi.